Darasa la mishale ya vyembe vya jiwe, Karen: linastahili ada yake, ila si kwa sababu inayotangazwa

Darasa hili la siku mbili, linaloendeshwa na fundi mmoja katika shamba lenye miti mikubwa huko Karen, hutangazwa kuwa mafunzo ya kuwinda kulungu kwa mishale ya jiwe, kwa namna wanavyofanya baadhi ya wawindaji wa Marekani. Tangazo hilo linahitaji ufafanuzi kabla ya mtu kutoa pesa zake. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 1977, na kulungu anayezungumziwa si yule wetu wa jamii ya swala, bali ni yule mwenye mkia mweupe, mnyama wa mabara ya Amerika, ambaye hatumpati katika mbuga zetu. Kinachofundishwa hasa ni kuchonga jiwe, kuunda mshale mzima kwa mkono, kisha kuupiga kwenye sanamu ya kulungu iliyotengenezwa kwa povu gumu. Kwa upande wa jiwe, shilingi 9,000 ni bei ya haki kabisa. Kwa upande wa uwindaji, darasa bado lina kazi ya kufanya.

Jiwe lenyewe ni obsidiani, kioo cheusi cha volkano, ambalo fundi hulinunua kutoka mashamba ya watu binafsi upande wa Naivasha. Analieleza jambo hili mapema na kwa uzito, na ninamsifu kwa hilo, kwa kuwa kuokota mawe ndani ya hifadhi za taifa hakuruhusiwi, na zana za mawe za kale zinalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Mwanafunzi anaondoka akijua kwamba kibanzi cheusi anachokikuta kando ya njia huko Bonde la Ufa kinaweza kuwa kazi ya mkono wa mtu, na kwamba mahali pake ni pale pale kilipolala.

Sehemu ya kuchonga ndiyo moyo wa darasa, na sijaona mahali pengine Nairobi panapofundishwa kwa subira kama hii. Kwanza bonge la obsidiani hugongwa kwa jiwe la mviringo ili kubandua kibanzi kipana. Baada ya hapo hakuna kugonga tena: kibanzi hulazwa kwenye kipande cha ngozi nene kiganjani, ukingo wake husuguliwa kwa jiwe la kukwaruza mpaka uwe mgumu wa kutosha kubeba nguvu, kisha hubonyezwa kwa chombo chenye ncha, kwanza kuelekea ndani na halafu chini, mpaka kipande chembamba kiruke kutoka upande wa chini. Anayesahau kusugua ukingo huona jiwe likimegeka ovyo; anayebonyeza kuelekea chini pekee hupata vipande vifupi visivyofika katikati, na chembe chake, yaani ncha ya mshale, hubaki kinene kama kokwa la embe. Fundi hukaa karibu na kila mmoja, hushika kifundo cha mkono wake na kukielekeza, wala hamnyang'anyi mtu kazi ili kumwonyesha ustadi wake mwenyewe.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia. Wachongaji wa Marekani hubonyeza kwa ncha ya pembe ya kulungu, kwa sababu pembe hiyo ni mfupa mtupu, nayo hudondoka yenyewe kila mwaka, hivyo mtu huiokota msituni bila kumdhuru mnyama. Pembe za swala wetu hazidondoki, na kila moja ni ganda lililovikwa juu ya kiini cha mfupa. Zaidi ya hayo, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumiliki pembe hizo bila kibali. Kwa hiyo fundi ametengeneza zana zake kwa waya mnene wa shaba uliopigiliwa kwenye mpini wa mti. Shaba hushika ukingo wa jiwe vizuri, na ncha yake ikichakaa hunolewa kwa tupa. Kwa busara hiyo hiyo, manyoya ya mishale ni ya bata mzinga wa kufugwa, na kano za kufungia ni za ng'ombe, zilizonunuliwa soko la nyama la Burma.

Usalama unazingatiwa kwa dhati. Miwani ni lazima, na vibanzi vyote hukusanywa kwenye turubai, maana makali ya obsidiani hupita yale ya wembe na hukata kabla mtu hajahisi maumivu. Kazi yote hufanyika nje, penye upepo, kwa sababu vumbi la jiwe hili likivutwa muda mrefu huharibu mapafu.

Kufunga chembe kwenye uti wa mshale kumeharakishwa mno. Uti hupasuliwa mfereji mwembamba, chembe huingizwa kwa utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa makaa, kisha kano iliyolowekwa huzungushwa juu yake. Kano ikikauka hujikaza na kushika kuliko uzi wowote, lakini sharti ikauke. Katika kundi letu kazi hiyo ilianza siku ya kwanza jioni, na asubuhi iliyofuata vyembe kadhaa vilikuwa bado vinacheza. Ada ya namna hii inamstahilisha mwanafunzi kupewa muda wa kutosha, hata kama ni kwa kuahirisha siku ya pili hadi wiki inayofuata.

Zoezi la kulenga halikunipendeza kama mengine. Pinde ni nzuri, umbali ni mfupi inavyopasa, na fundi anaeleza kwa usahihi kwamba mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata na kumwaga damu, ndiyo maana mwindaji mwenye huruma humsubiri mnyama asimame ubavu na kulenga mapafu, nyuma ya bega. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini sanamu ya povu haiyathibitishi. Povu halina ngozi wala mbavu, nalo huubana mshale badala ya kukatika. Mwanafunzi anayeona mshale wake umezama anaamini kwamba amemaliza kazi, ilhali swali zito zaidi katika uwindaji wowote ni kama mnyama angekufa upesi au angetangatanga na jeraha. Ngozi mbichi na mbavu za ng'ombe kutoka buchani, zikitundikwa mbele ya povu, zingefundisha zaidi kwa mshale mmoja. Lingefaa pia kusemwa kwamba hata Marekani si kila mahali mishale hii inakubalika: jimbo la Colorado, kwa mfano, hutaka chembe chenye makali ya chuma na upana usiopungua inchi 7/8.

Fundi anamzungumzia kwa heshima Ishi, mtu wa Yahi, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, aliyejitokeza karibu na Oroville, California, mwaka 1911, akachonga vyembe vya obsidiani na vya vioo vya chupa, na kumfundisha daktari Saxton Pope upinde kabla ya kufariki mwaka 1916. Ni habari inayostahili kusimuliwa. Hata hivyo nilitamani sana kusikia za kwetu kwa uzito ule ule. Huko Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, watu walikuwa wakitumia obsidiani iliyobebwa makumi ya kilomita takriban miaka 300,000 iliyopita. Huko Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, kipande cha obsidiani kilikutwa ndani ya fuvu la mtu aliyekufa miaka 10,000 hivi iliyopita. Na Wakamba na Wawaata, wawindaji wa jadi wa upande wa Tsavo, waliotegemea chembe cha chuma kilichopakwa sumu ya mti, walikuwa na jibu lao tofauti kabisa kwa lile swali la jeraha. Saa moja ya mazungumzo hayo ingelitia darasa uzito ambao sanamu ya povu haitaweza kuutoa kamwe.

Ninalipendekeza kwa walimu wa historia, kwa wanaopenda kazi za mikono, na kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya zana za mawe katika Makavazi ya Nairobi akajiuliza zilitengenezwaje. Watoto walio chini ya miaka kumi na minne hawapokelewi, na kwa makali yale uamuzi huo ni sahihi. Chakula cha mchana kimo ndani ya ada. Wanaotaka kwenda majira ya masika wapige simu kwanza, kwa kuwa mvua ikinyesha darasa haliingizwi ndani ya nyumba kwa sababu ya vumbi, nayo kano haikauki.