Pedi za breki zenye kibati cha tahadhari

Pedi hizi za mbele nimezitumia hadi zikaisha, na kilichonipendeza zaidi ni kibati chake kidogo cha chuma ambacho, unene wa pedi unapobaki takriban milimita 3, hugusa diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na kutoa mlio mwembamba, mkali. Mlio huo si ule wa asubuhi yenye unyevu, ambao hutokana na kutu nyepesi na hutoweka ukishakanyaga breki mara chache. Huu wangu ulirudi kila siku, na mafuta ya breki yalikuwa yamepungua kwenye kikopo chake ingawa hayakuvuja popote, dalili nyingine ya pedi kulika.

Fundi alipofungua gurudumu, pedi ya nje ilionekana bado nene, ilhali ya ndani ilikuwa imelika karibu kufikia bati la nyuma linaloishikilia, kwa hiyo kuchungulia kupitia matundu ya rimu hakutoshi kabisa. Lawama yangu ni vumbi jeusi linaloganda kwenye rimu. Hata hivyo nimefunga nyingine za aina hiyohiyo, magurudumu yote mawili kwa pamoja, na diski, ambazo zingechimbika mistari laiti ningesubiri chuma kikwaruze chuma, bado ni laini.