Ushauri wa malezi ya kambo mjini Malindi: maelezo ya kweli, faragha haba
Shirika moja dogo mjini Malindi hutoa ushauri wa bure kwa wanandoa wasiojaaliwa mtoto wanaofikiria malezi ya kambo. Mimi na mume wangu tulikwenda huko baada ya matibabu ya uzazi huko Mombasa kutufikisha ukingoni mwa subira na akiba.

Sifa yake kubwa ni kwamba mshauri hauzi matumaini. Alitueleza mapema kwamba, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, malezi ya kambo si sawa na kuasili: mtoto hukabidhiwa mlezi kwa muda, afisa wa watoto hufuatilia hali yake, na jamaa zake wakiweza tena kumtunza anaweza kurudi kwao, hata akiwa amekwisha kutuzoea. “Dada,” akaniambia, “mkitafuta wa kuziba pengo, mtamtwika mtoto mzigo usio wake.” Maneno hayo yaliniuma, lakini ndiyo niliyohitaji kuyasikia.

Kwetu sisi Waislamu, saa yenye manufaa zaidi ilikuwa ile ya kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, ambayo sheria hiyo inaitambua. Mlezi humtunza mtoto kama anavyomtunza wa kumzaa, ila nasaba hubaki ya babake, na mtoto harithi kwa mlezi isipokuwa kwa wasia usiozidi thuluthi moja ya mali. Swali la umahramu, yaani ujamaa unaoharamisha ndoa na hivyo kuruhusu watu kukaa nyumba moja bila kusitiriana, ambalo mama mkwe alikuwa ameling’ang’ania (na alikuwa na haki), lilijibiwa waziwazi: ikiwa ni mvulana, dada yangu akimnyonyesha inavyotakiwa kabla hajatimiza miaka 2, mimi huwa mama yake mdogo wa kunyonya; akiwa msichana, ndugu wa kike wa mume wangu ndiye wa kumnyonyesha.

Kasoro ni mahali penyewe. Wateja hungojea barazani, kando ya njia, na katika mji ambao majirani humhesabia bi harusi miezi, nusu saa kwenye benchi lile yatosha kuzua mazungumzo ya wiki nzima. Fomu nazo ni za Kiingereza kitupu, ingawa mshauri huzifasiri kwa uvumilivu.

Atakayekwenda na aende na mwenzake, tena asubuhi na mapema, kwa kuwa mshauri ni mmoja na adhuhuri hutoka kuzuru familia vijijini.