Kugawa vitu kwenye kolamu za ukurasa wa wavuti: hesabu yako mwenyewe au uiachie CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa)?

Hii ligi haiishi. Una vitu 9, kolamu 4, unataka zilingane. Wengi wanagawa 9 kwa 4 wanapandisha juu wanapata 3, halafu wanashangaa kolamu zinatoka 3, 3, 3 na ya mwisho tupu kabisa! Dawa ni baki: 9 kwa 4 ni 2 inabaki 1, kila kolamu ipe 2 na hiyo iliyobaki iende ya kwanza, basi, 3, 2, 2, 2.

CSS nayo, unaandika column-count: 4 (yaani gawa kolamu 4), mstari mmoja tu umemaliza, na kesho vitu vikiongezeka hugusi kitu. Ila yenyewe inalinganisha urefu, haihesabu vitu, na usipoweka break-inside: avoid kitu kimoja kinaweza kukatwa katikati (mi imenitesa sana hiyo).

Kwa hiyo maelezo yakiwa marefu kwa mafupi, CSS inapendeza zaidi. Ila kama ni jedwali halisi, barua pepe au PDF, mi ningepiga hesabu, maana huko CSS ya kolamu mara nyingi inagoma.