Studio iliyomfanya mama ashushe mkono

Kama unatafuta mpiga picha Dodoma mjini ambaye hatakwambia "haya cheka!" na kubonyeza kabla hujajiweka sawa, nenda kwenye ile studio ndogo ya mtaa wa nyuma ya Soko la Majengo, yenye pazia la kijani mlangoni. Nawapa nyota tano. Kijana wa pale anajua kulisubiri tabasamu.

Mji wetu umejaa waomba ajira na watumishi waliohamia, kwa hiyo studio nyingi zinaishi kwa picha za paspoti. Funga mdomo, tazama mbele, mwingine aje. Mimi nilipeleka kazi ngumu zaidi. Mama yangu amekulia kijijini Singida, kwenye maji ya kisima yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayozidi sana hapo wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanaota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Si uchafu, wala si uvivu. Lakini maneno ya watu yamemchosha mama, na tangu nipate akili namwona akicheka huku kiganja kimeziba mdomo. Picha zake zote za nyumbani ni kama za mtu aliyetoka msibani.

Kijana alimwamkia, akampa kiti, kamera akaiacha kwenye stendi. Habari za meno hakuzigusa. Akauliza: "Mama, hivi kuku wa Singida mnawalisha nini mpaka wanawashinda wetu wa hapa?" Hapo alikuwa amepatia! Mama akaeleza mtama, akaeleza vicheche, akafika kwa jogoo wa jirani aliyekuwa anakula kwetu na kulala kwao, mkono ukashuka wenyewe. Rimoti ya kamera ilikuwa kiganjani mwa kijana muda wote.

Kwenye picha ile macho ya mama yamejikunja pembeni. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, aliandika kwamba msuli unaovuta pembe za midomo tunaweza kuuamuru, ila ule unaozunguka jicho huamshwa na furaha ya kweli. Na faida haiishii kwenye picha: mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walieleza kuwa watu waliotabasamu wakifanya kazi za kuumiza kichwa, mapigo ya moyo yalikuwa chini zaidi walipokuwa wanatulia. Sisemi studio inatibu presha. Nasema mama alitoka pale mwepesi, akasalimia mpaka wauza nyanya asiowajua.

Kingine nilichokiheshimu: kabla ya kuprinti, alimuuliza mama mwenyewe, si mimi, kama ayang'arishe meno kwenye kompyuta. Kuna mahali pengine walimfanyia dada yangu hivyo bila kumuuliza, akarudi na mdomo wa mtu mwingine. Mama akajibu, "Yaache, mwanangu. Hayo ndiyo yaliyotafuna miaka yote."

Kasoro zipo. Chumba kina joto, feni ni moja, na fremu zao za plastiki hazina maana. Chukua picha tu, fremu ya mbao kachongeshe kwa fundi. Picha kubwa ya ukutani nililipa shilingi 15,000. Jumamosi usiende, ni foleni ya maharusi na hatapata nafasi ya kupiga soga na mzee wako.