Darasa la usanifu wa michoro Lamu: uzoefu wangu na lebo za achari

Chupa ya achari ina upande mmoja tu unaomtazama mnunuzi. Kwa chupa ninazotumia mimi, upande huo ni sentimita 8 kwa 5. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiujaza kila kitu: jina la achari, jina langu, namba ya simu, picha ya embe, picha ya pilipili, orodha ya viungo, na maua kwenye pembe zote nne. Niliona nafasi isiyoandikwa kitu ni hasara. Kisha mwenye duka mmoja wa Shela akaniambia, "Dada, wageni nikiwaonjesha wanaipenda. Lakini ikikaa kwenye rafu hawaishiki, hawajui ni kitu gani." Neno hilo liliniingia, na ndilo lililonipeleka darasani.

Darasa liko Langoni, chumba cha ghorofani, wiki sita, Jumanne na Alhamisi kuanzia baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi inapokaribia. Ada nililipa shilingi 7,500, karatasi na kompyuta zikiwa ndani yake. Jina la darasa siliandiki kwa sababu nina lawama moja kubwa, nitaifikia, na mwalimu nimekwisha kumwambia uso kwa uso. Tulikuwa wanafunzi wanane: vijana wawili wa jahazi za watalii, mshonaji wa kofia, mama mmoja mpaka hina, wasichana watatu waliomaliza shule, na mimi.

Wiki mbili za kwanza hatukugusa kompyuta. Siku ya kwanza jambo hilo lilinikera, maana nilidhani nimelipia kompyuta. Leo nasema wiki hizo mbili ndizo zilizolipa ada yote.

Mwalimu aliingia na kanga mbili, akazitundika ukutani, akatuambia tusisome kwanza, tutazame tu. Akauliza macho yamefikia wapi mwanzo. Sote tulijibu mamoja: katikati, kwenye mji, palipokuwa na korosho kubwa. Halafu jina. Halafu pindo. Akasema mchoraji wa kanga ndiye aliyetupangia safari hiyo: ukubwa wa korosho umeita jicho, pindo limelizuia lisitoke nje, na jina limekaa peke yake chini ya mji ili lisomeke. Nimevaa kanga tangu nijijue, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeamua jicho langu lianzie wapi. Kanga ya pili ilikuwa kisutu. Rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, na huwezi kuichanganya na nyingine hata ukiiona kutoka mwisho wa kichochoro. Lebo yangu mimi ilikuwa na rangi saba. Nilizihesabu usiku ule nyumbani.

Kutoka hapo akatupa vile vitu ambavyo kila mchoro umejengwa kwavyo: mstari, umbo, rangi, ukubwa, nafasi, na umbile la uso, yaani kitu kinavyoonekana kama ni laini au kina mikwaruzo. Hayo alipita haraka, na sawa alivyofanya. Alipokaa sana ni kwenye kanuni za kuvipanga vitu hivyo, na kila kanuni aliitafutia mfano ambao tungeweza kutoka nje tukauona.

Mizani, kwa mfano. Alitutoa mpaka kwenye mlango wa nakshi wa nyumba ya jirani: mbao mbili, mfaa, yaani ule mti uliosimama katikati, upande wa kulia umefanana na wa kushoto. Hiyo ni mizani ya pacha, imetulia, ina heshima, inafaa kadi ya harusi. Lakini kuna mizani nyingine, na hii mmoja wa wale vijana wa jahazi ndiye aliyeieleza kuliko mwalimu: tanga likijaa upepo likalalia upande mmoja, mabaharia wanakaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa pili. Pande mbili hazifanani hata kidogo, na chombo hakipinduki. Mwalimu akachora hapohapo: picha moja kubwa kushoto, maandishi machache mazito kulia. Bango la safari za jahazi la kijana yule limetoka hivyo, na ni zuri kweli.

Somo la nafasi tupu ndilo lililonibadilisha. Mwalimu alikuwa anahangaika kutueleza kwa nini tusijaze karatasi, mama mpaka hina akamkatiza. "Mwanangu, ngoja nikusaidie." Akashika mkono wa msichana aliyekaa karibu naye, akaonyesha kwa kidole. "Mkono huu nikiupaka wote, ua liko wapi? Ngozi niliyoiacha ndiyo inayolitoa ua." Chumba kizima kilinyamaza. Mwalimu akaandika ubaoni: ngozi iliyoachwa. Mpaka mwisho wa kozi hatukusema tena nafasi tupu, tulisema ngozi.

Ukaribu nao ulinifaa sana. Vitu vilivyowekwa karibu, jicho huvihesabu kuwa kundi moja, hata kama havihusiani. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliieleza kanuni hiyo mwaka 1923 kwa kutumia vidoti tu vilivyopangwa kwenye karatasi, na mwalimu alituchorea vidoti vya namna hiyo tukavigawa makundi bila hata kufikiri. Nilipoitazama lebo yangu niliona namba ya simu imebanana na orodha ya viungo, na jina langu limegusana na neno "pilipili". Ndiyo maana mgeni hakujua kinachouzwa.

Kuhusu herufi, ushauri wake ulikuwa fonti mbili, yaani mitindo miwili ya herufi, zisizidi, na ziwe tofauti waziwazi: moja ya jina, moja ya maelezo. Fonti mbili zinazokaribiana huonekana kama kosa. Na zile za mikunjo mingi, zinazofanana na mwandiko wa kadi, zisitumiwe kwa maneno madogo wala kwa herufi kubwa tupu.

Kwa rangi alitupa jaribio ambalo sasa nalifanya kila siku: piga picha kazi yako kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Maneno yakipotea, basi rangi zako zina giza sawa. Lebo yangu ilikuwa na maneno mekundu juu ya kijani. Nilipoigeuza ikawa kipande kimoja cha kijivu, hakuna hata herufi iliyobaki. Tena wapo watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Hao nimekuwa nikiwauzia chupa isiyo na jina.

Wiki ya tatu tukaingia kwenye kompyuta. Tulitumia Inkscape, programu ya bure, inayochora kwa vekta. Maana yake mchoro unaweza kuukuza kutoka lebo mpaka bango la ukutani, na kingo zake zikabaki kali. Kompyuta zilikuwa nne kwa watu wanane, na stima ilipotea siku mbili. Hayo nayasamehe. Nilijifunza vya kutosha kutengeneza lebo yangu mpya: rangi mbili na nyeupe, "Achari ya Embe" kwa herufi nene juu, embe moja, na chini kabisa mstari mmoja wa simu. Viungo nimevihamishia nyuma ya chupa.

Sasa lawama. Somo la kuandaa kazi kwa uchapaji liliwekwa siku ya mwisho, na siku ya mwisho nusu ilikwisha kwa kupiga picha na kugawa vyeti. Tulipewa dakika ishirini. Mimi nikaenda kuchapisha lebo 200, nikazilipia, na zote ziliharibika kwa sababu ya mambo matatu ambayo kila anayeanza anapaswa kuyajua kabla hajatoa pesa.

Kijani changu kilichong'aa kwenye kioo cha kompyuta kilitoka kimekufa, kimekuwa kama majani makavu. Kioo huchanganya mwanga, mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii. Halafu faili niliituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikabanwa ikapoteza pikseli, zile nukta ndogo zinazoijenga picha. Kwa kawaida uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo lebo ya sentimita 8 kwa 5 inahitaji picha ya pikseli 945 kwa 591 hivi. Ilipaswa itumwe kama dokumenti, tena kwa PDF. La tatu, sikuacha ziada ya rangi ya milimita 3 kila upande, nje ya pale kisu kinapokata, kisu kilipokata kikaacha ukingo mweupe upande mmoja na kula herufi upande wa pili.

Nilimpelekea mwalimu lebo hizo. Alisikiliza, hakujitetea, akakaa nami saa nzima bila malipo tukairekebisha faili. Chapa ya pili imetoka safi. Lakini gharama ya zile 200 ilibaki kwangu, na nadhani wiki nzima ya sita ingekuwa ya uchapaji, kwa kwenda na kushika sampuli kwa mkono. Kila mmoja wetu alikuja pale kwa sababu ana kitu cha kuchapa.

Kwa anayeuliza kama aende: nenda, hasa kama hujawahi kuchora kitu. Ukiwa tayari unaijua programu na unataka ufundi wa kompyuta, wiki mbili za kwanza zitakuchosha, na mashine hazitoshi. Kina mama wenye watoto, saa zake ni nzuri, unarudi nyumbani kabla ya adhana. Beba daftari lisilo na mistari, na siku ya kwanza nenda na kile unachokiuza mwenyewe, chupa au kofia au bango, uliweke mezani mbele ya wote. Na muulize mwalimu mapema, kabla hujalipa, somo la uchapaji amelipangia siku ngapi.