Treni ya bustanini: treni nimeikubali, ila waliopanda bustani wamenitesa

Haya wadau, nliahidi ntaleta mrejesho na leo mvua imenifungia ndani, kwahiyo ngoja nimwage yote. Nipo huku Ujerumani, nyuma ya nyumba kuna kabustani ka mita 6 kwa 9, mwaka na nusu uliopita nikaamua kuweka reli ya kuchezea humo, ile kubwa ya nje, sio ya kwenye kapeti.

Nlinunua treni ya mtumba ya LGB, kampuni ya treni za kuchezea, kwa mzee mmoja aliyekuwa anasafisha dari lake, injini ndogo yenye sura ya zamani ya mvuke, mabehewa mawili, transfoma na vipande 12 vya reli vinavyofunga duara. Hawa LGB walianzia Nuremberg mwaka 1968, reli yao ina upana wa milimita 45 na vitu vyote vimepunguzwa mara 22.5. Sasa chukua kalkuleta: reli ya kati ya nyumbani ni ya mita moja, gawa kwa 22.5, inakuja milimita 44 na kitu. Yaani iliyolala kwenye nyasi zangu ni ileile iliyoanza kujengwa Dar 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, imesinyaa tu. Mimi ni mtoto wa Tabora, king'ora cha treni ndo kilikuwa saa yetu ya nyumbani, jioni ile nlikaa kwenye ngazi nimeshika kipande cha reli mkononi mpaka mama watoto akauliza kama kuna msiba. Dogo wangu wa miaka 9 yeye akataka kujua mbona sio SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi. Nikamwambia SGR kwa reli hii ingebidi ipunguzwe mara 32, kwahiyo haya mabehewa yangeonekana majitu pembeni yake. Akaondoka zake, hakuwa anataka hesabu.

Kwenye treni yenyewe sina neno. Reli ni za shaba nyeupe, zimelala nje mvua na theluji, mataruma ya plastiki hayajapauka. Shida ndogo ni kwamba zinafifia na umeme unakatakata, unapitisha sponji kavu ya kusugulia dakika tano kabla ya kuwasha basi. Transfoma inakaa ndani, waya tu ndo unatoka. Kona za kwenye seti zina nusu kipenyo cha sentimita 60, kwa injini ndogo zinatosha, ila kwa macho zinaonekana kama treni inajikimbiza mkia, nikatafuta zile pana za karibu mita 1.2. Hizo unahitaji vipande 16 kufunga duara, mfuko unalia lakini mwendo wake ni mwingine kabisa.

Sasa bustani. Hapo ndo nlipopigwa.

Nliita kampuni ya bustani, jina naliweka kapuni. Wakaja na mchoro mzuri mno, kilima, handaki, kidaraja, miche imepangwa kwa rangi. Kazi ikaisha siku moja, vijana wawili na bosi aliyeshinda kwenye gari anaongea na simu. Nikalipa, nikapiga picha, nikatuma Tabora, watu wakasifia.

Wiki ya pili treni ikaanza kudondoka. Kumbe wamemwaga kokoto za duara, nyeupe, kama mayai ya kanga, zinapendeza ila hazishikani, treni ikipita zinateleza kama maharage kwenye gunia. Chini ya reli unataka kokoto zilizopasuliwa, zenye kona, ndogondogo za milimita 2 mpaka 5, uchanganye na vumbi la mawe, ushindilie. Na reli huigongi misumari, inakaa juu ya kokoto kwa uhuru wake kwa sababu shaba ikipigwa jua inarefuka. Wao hawakuchimba hata mtaro wa kutoa maji, kwahiyo baridi ilivyokuja maji ya chini yakaganda yakainua udongo, mwezi wa pili reli ilikuwa na mawimbi kama bahari ya Feri. Halafu kale kamlima kanapanda sentimita 6 kwa kila mita! Tatu tu tayari ni nyingi. Injini ikifika katikati matairi yanazunguka yenyewe, behewa zinairudisha nyuma, watoto wanacheka, mimi sicheki.

Ila kilichoniuma zaidi ni miche. Pembeni ya stesheni walinipandia hosta zenye majani ya sentimita 20. Abiria wangu wana urefu wa sentimita 7 na nusu jamani. Zidisha jani hilo mara 22.5 unapata mita 4 na nusu, stesheni ikaonekana imevamiwa na migomba ya majitu. Na ule uzio wa vichaka vya Buxus nao, mwezi wa tano nikaona utando, kufunua ndani viwavi wa kijani wenye vichwa vyeusi wamejaa, wale wa nondo aliyeingia Ulaya kutoka Asia Mashariki, ndani ya siku chache kimebaki kijiti. Nikawapigia, wakasema miche ilikuwa hai siku ya makabidhiano. Asante sana.

Nikang'oa nikaanza upya mwenyewe, jumamosi kwa jumamosi. Nimegundua mche wa treni unachagua kwa ukubwa wa jani na uvivu wa kukua, maua baadae. Mahali pa Buxus nimeweka Ilex crenata, jani lake dogo linafanana na la Buxus, ila yule kiwavi hana habari nalo. Miti mikubwa ni vile visonobari vya Conica, vinaongezeka sentimita chache tu kwa mwaka, cha sentimita 40 kwenye hesabu yetu ni mti wa mita 9. Juu ya mawe sedum, kale kammea ka majani manene, haidai maji. Chini kote thaimu ya kutambaa, ndugu yake ile ya kuwekea kwenye nyama, hiyo angalizo, inapenda reli kuliko mimi, kila wiki mbili napiga magoti na mkasi wa jikoni naikata kwenye mataruma. Mwezi wa sita inatoa maua ya zambarau na nyuki wanajaa, treni inapita katikati yao taratibu, hawajali, na mimi nasema hiyo sasa ndo Tabora, asali mpaka kwenye reli.

Stesheni ya Dodoma ndo ilinisumbua kichwa, maana utaweka Dodoma bila mbuyu? Nikachukua Crassula ya mama watoto iliyozeeka dirishani, ile yenye majani manene, shina lake limevimba kama mguu wa tembo. Nikaondoa majani yote ya chini, juu nikaacha vichomozo vichache, nikaizamisha na kikopo chake kwenye changarawe nyuma ya kibao cha stesheni. Binti kafinyanga mama mwenye ndoo kichwani, kamuweka kivulini. Jirani Mjerumani alisimama akauliza huo mti unaitwaje, nikamwambia mbuyu, akarudia "mubuyu, mubuyu" mpaka kwake.

Kwahiyo treni naipa 9 kwa 10, moja nimekata kwa bei ya vipande vya reli. Wale wa bustani 2, na hizo mbili ni za handaki, limejengwa vizuri kwa kweli, halijavuja.

Crassula haivumilii barafu, kwahiyo mwezi wa kumi ukianza nachomoa kikopo, mbuyu unarudi dirishani jikoni. Shimo nafunika kigae. Mama wa ndoo anabaki hapohapo anasubiri treni.