Jiko la presha la umeme la lita 6: chakula gani kinalilipa

Majiko haya ya lita 6, wati 1000, yamejaa Kariakoo na kwenye maduka ya vyombo karibu kila mji wenye umeme. Muuzaji atakwambia linapika kila kitu. Si kweli, na anayelinunua kwa ahadi hiyo hulichoka mapema. Hili ni jiko la vyakula vigumu: maharage, makande, kongoro, utumbo, mbaazi kavu, jogoo wa kienyeji. Kwa vyakula hivyo hakuna chombo kinacholishinda. Ugali halipiki, chapati halipiki, na wali wa nazi unaotoka humo hauna ukoko na punje zake hugandana.

Tuanze na hela. Nusu kilo ya maharage, tangu maji ya baridi mpaka yaive, hula takriban uniti 0.3 hadi 0.4. Umeme mwingi huenda kwenye dakika 15 za mwanzo za kupandisha joto. Presha ikishajaa mvuke hautoki tena, na bamba la joto huwaka na kuzima lenyewe. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kwenye daraja la bei la T1 (matumizi ya kawaida), ambaye uniti humfikia kwa shilingi 356 hivi pamoja na kodi na tozo, sufuria hiyo ni kati ya shilingi 105 na 145. Kwa aliye D1 (daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani), anayelipa kama shilingi 122 kwa uniti, haifiki 50. Ila wa D1 awe macho: mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi, na sufuria moja kila siku ni uniti 9 hadi 12. Kama matumizi ya nyumba tayari yanagusa 70, jiko hili litamvusha mpaka, na uniti za juu ya hapo ni ghali zaidi ya mara tatu.

Ulinganisho na gesi ufanye kwa bei ya mtaani kwako. Chukua bei ya kujaza mtungi wa kilo 6, igawe kwa 6, ndiyo bei ya kilo. Maharage yanayochemka saa mbili kwa moto mdogo hula gramu 150 hadi 200. Zidisha, uone tofauti kwa kila sufuria. Ukipika maharage au makande mara tatu kwa wiki, bei ya jiko inarudi. Nyumba inayokula samaki, mchicha na ugali siku zote haitaona faida hiyo, na heri hela hiyo iende kwenye mtungi mkubwa wa gesi.

Wakazi wa nyanda za juu wanafaidi zaidi. Mbeya, Njombe au Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 93 hadi 95, ndiyo maana maharage huko hukaa motoni hadi mtu akate tamaa. Ndani ya presha joto hupita nyuzi 110. Hata hivyo huko ongeza muda wa kijitabu kwa karibu sehemu moja ya tano, maana vijitabu vimeandikwa kwa watu wa bondeni.

Sasa maharage yenyewe. Nusu kilo, chagua mawe, osha, loweka usiku kucha. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya yafunike maharage kwa kimo cha vidole viwili, yaani kama lita moja na robo. Usiweke maji kama ya sufuria ya kawaida, humu hayakauki. Tia kijiko cha mafuta ili povu lisipande. Presha dakika 15 hadi 20. Ambayo hayakulowekwa yape lita moja na robo tatu na dakika 40 hadi 45. Nyanya na ndimu zisubiri maharage yaive kwanza, kwa sababu uchachu hufanya ganda ligome kulainika. Yakiwa ya ghala la zamani, robo kijiko cha chai cha magadi husaidia, ingawa hupunguza vitamini B. Muda ukiisha, liache jiko lishushe presha lenyewe kwa dakika 15. Ukifungulia mvuke papo hapo, povu hupanda na kurukia kizibo cha mvuke, maganda yanapasuka, na utakuwa na kazi ya kusugua mfuniko.

Kilo nzima ya maharage haiingii salama kwenye lita 6. Vyakula vya kuvimba na kutoa povu visipite nusu ya sufuria, na hiyo ni kama robo tatu ya kilo ikiwa kavu. Vingine mwisho ni theluthi mbili. Makande ya mahindi yaliyokobolewa, yakilowekwa pamoja na maharage yake, yape dakika 40. Kongoro saa moja. Utumbo dakika 30 hadi 35. Ndizi nyama ndiyo huwaponza wengi: ndizi zikiingia pamoja na nyama hutoka uji. Nyama peke yake dakika 20, toa mvuke, ndizi zifuate kwa dakika 5. Tui la nazi lisiguse presha kabisa, litakatika. Litie mwishoni, mfuniko ukiwa wazi, na koroga hadi lichemke kidogo.

Lawama nyingi za "jiko limeharibika" chanzo chake ni kimoja kati ya vitatu. Presha ikigoma kupanda huku mvuke ukivuja pembeni, ni mpira wa mfuniko: umevaa upande, una punje ya wali, au umechoka. Jiko likizima katikati na chini kumeungua, mchuzi ulikuwa mzito. Nyanya ya kopo na unga wa viungo hukaa chini, kihisi joto kilicho katikati ya bamba kinaona joto limezidi na kukata umeme. Anza na maji, mazito yaje baadaye. La tatu ni umeme wenyewe. Umeme ukishuka hadi volti 180, wati 1000 zinabaki kama 600, kwa hiyo dakika 15 za kupasha zinakuwa 25. Jiko ni zima. Ekstenshen nyembamba za bei rahisi zisitumike hapa, waya hupata moto na kuyeyuka. Soketi ya ukutani ndiyo mahali pake.

Kuna vitufe viwili vya kuangalia. Kile cha kupika polepole bila presha kisitumike kwa maharage mekundu mabichi, kwani yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu, na huko joto halifiki. Cha kukaangia ni cha kitunguu na kijiko cha mafuta, mfuniko ukiwa wazi. Kamwe usifunge presha juu ya mafuta ya kukaangia. Mvuke ufungulie kwa mpini wa mwiko, uso ukiwa mbali, na kama kipini cha usalama (kile cha kwenye mfuniko kinachopanda presha ikijaa) hakijashuka, usishindane na mfuniko.

Dukani, usihesabu picha za vyakula kwenye paneli. Nyingi zinabadilisha dakika tu, bamba ni lilelile. Unachohitaji ni kitufe cha kupanga dakika mwenyewe. Omba lijaribiwe kwa vikombe vitatu vya maji, dakika 5: kipini kipande, na kikishapanda mvuke ukome kutoka. Inua sufuria ya ndani, kama ni nyepesi na kitako kinabonyea, achana nayo. Ya chuma cha pua huvumilia kijiko cha chuma na steel waya. Yenye rangi nyeusi isiyoshika inataka mwiko tu. Kabla ya kulipa, uliza kama wana mpira wa akiba wa sentimita 22, ambao ndio wa majiko mengi ya lita 5 na 6. Nunua miwili, mmoja wa pilau na kongoro, mwingine wa vyakula visivyo na viungo, maana mpira hushika harufu na sabuni haiitoi.